Kukanyaga Breki Angani

Mtu wa Bukoba anayeishi Dar es Salaam ana njia tatu za kwenda kwao, na kila moja imeshatupa msiba. Ya majini ilitupa wake tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imeikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na hadi leo ukikaa na watu wa Kagera wa umri wangu, kila mmoja ana jina la kutaja. Ya barabara inatupa misiba rejareja, mwaka baada ya mwaka, na redio haina muda nayo. Ya angani ilitufikia asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, pale ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilipoangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Ishirini na wanne walitoka hai, wakisaidiwa na wavuvi waliowahi na mitumbwi na makasia yao. Kesho yake majeneza yalipangwa katika uwanja wa Kaitaba, mji mzima ukaja kuaga.

Nayasema haya mwanzoni makusudi. Wanaoandika kuhusu hofu ya ndege hupenda kuanza kwa kumhakikishia msomaji kwamba hakuna cha kuogopa. Kipo. Asiyeogopa kabisa kubebwa angani ndani ya bati sina ugomvi naye, ila sitaki anifundishe ujasiri. Mimi nilianza kuogopa ndege muda mrefu kabla ya 2022, na baada ya ajali ile nikapata wafuasi kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wakinicheka kwenye vikao vya nyumbani wakawa wananivuta pembeni kuniuliza nauli ya basi imefika ngapi.

Basi nalijua. Najua kuamka usiku wa manane kuwahi stendi, zamani Ubungo, siku hizi Mbezi kwa Magufuli. Najua usingizi mzito wa kati ya Morogoro na Dodoma, kuku wa kienyeji wa Singida, Nzega, Kahama, halafu ule msitu wa Biharamulo ambao kuna miaka mabasi yalikuwa yakiuvuka kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Ni zaidi ya kilomita 1,300. Kabla mabasi hayajaruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, ilibidi mlale njiani, miguu imevimba, viatu havivaliki. Na msitu ule wa majambazi nilikuwa naupita nimelala, mdomo wazi, lakini ukinitajia safari ya ndege ya saa chache, tumbo linachafuka wiki nzima.

Hesabu nazijua pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa barabara huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, Wamarekani wengi waliziacha ndege wakaingia barabarani na magari yao. Mwanasaikolojia Mjerumani, Gerd Gigerenzer, alipokaa na takwimu za mwaka uliofuata, akakadiria kuwa watu wapatao 1,500 walikufa barabarani ambao wasingekufa kama wangeendelea kusafiri kama kawaida. Yaani hofu ya ndege peke yake iliua watu wa kujaza ndege nyingi. Habari hiyo ilinishangaza sana, nikaisimulia kwa kila mtu, kisha nikakata tiketi ya basi.

Nimefikiri sana kwa nini. Kwenye basi mimi siendeshi, sawa, lakini nina neno. Dereva akianza kuovateki kwenye kona, napiga kelele, "Suka, punguza!", na abiria wote wanadakia, mama mmoja anaanza kusali kwa sauti, konda anakwenda mbele kumnong'oneza. Mambo yakizidi nasema, "Shusha!", nashuka na begi langu. Pengine kelele zile hazijawahi kumwokoa mtu, lakini ni zangu. Na ninaona: naona kona, naona lori linalokuja, naona jasho la dereva kwenye kioo. Ndegeni huoni barabara, humwoni dereva, na hakuna wa kumwambia shusha.

Kuna watu wa kuniliwaza, na wengi wao ni hatari kuliko ugonjwa. Wa kwanza husema, "Siku yako kama haijafika haijafika." Ni kweli, lakini vipi kama imefika ya rubani? Wa pili hushauri nipige Konyagi kabla ya kupanda. Pombe inakupumbaza unapoondoka na inakuacha katikati ya safari, mdomo umekauka na moyo unakwenda mbio kuliko mwanzo, tena sasa huwezi hata kufikiri vizuri. Wa tatu ni wale wanaosema mwanamume haogopi. Hao nina majina mawili ya kuwapa.

Muhammad Ali, akiwa bado Cassius Clay, kijana wa miaka 18, nusura asiende Olimpiki ya Roma mwaka 1960 kwa sababu ya kuogopa ndege. Inasimuliwa kuwa alikwenda kununua parachuti kwenye duka la vifaa vya jeshi, akalivaa ndani ya ndege. Akarudi na medali ya dhahabu. Miaka ishirini baadaye, Februari 1980, alitua hapa hapa Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter, amekuja kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea. Hebu fikiria: mtu aliyewahi kupanda ndege na parachuti mgongoni anavuka bahari na bara, halafu mwenyeji anasema hana nafasi. Wa pili ni Dennis Bergkamp. Baada ya Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani aliacha kabisa kupanda ndege. Alichezea Arsenal kuanzia 1995 hadi 2006, na mechi za mbali barani Ulaya ama alizifuata kwa nchi kavu ama alibaki nyumbani. Mashabiki wa Arsenal wa Tanzania wanaojua habari hiyo wapo wengi, na sijamsikia hata mmoja akimwita mwoga.

Nilipoona mambo yanaanza kuniharibia kazi, nilikwenda kwa mama mmoja mtaalamu wa saikolojia. Nilitegemea anipe vidonge. Akaniuliza, "Unaogopa nini hasa, mwanangu? Kuanguka, kufungiwa, au kutojua?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeogopa miaka mingi bila kuwa na jibu. Akanieleza kitu kimoja ambacho nimekishika. Kila unapokimbia kitu, mwili unaamini kuwa kukimbia ndiko kulikokuokoa, kwa hiyo safari ijayo unakupigia kengele kubwa zaidi. Dawa ni kukisogelea kidogo kidogo hadi mwili uone wenyewe kuwa haukufa. Akaongeza kuwa mwili hauwezi kukaa juu ya kilele cha hofu kwa muda mrefu. Moyo unapiga, viganja vinatoka jasho, unahisi hewa imeisha, lakini usipouchochea kwa mawazo, baada ya dakika chache unaanza kushuka wenyewe. Kazi yako ni kuungoja ushuke. Vuta pumzi taratibu, toa taratibu zaidi, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, basi.

Kazi ya nyumbani aliyonipa ilinichekesha: nikakae mahali ndege zinapopita chini chini, nizitazame, na nisiondoke hadi nichoke kuogopa. Nikaenda Kiwalani, upande ule wa uwanja wa Julius Nyerere ambako ndege zinapita juu ya mabati. Nikapata benchi kwenye kibanda cha chipsi. Ndege ya kwanza ilipokuja niliinama. Kweli, niliinama kichwa nikiwa nimekaa chini ya bati la mtu, mbele ya watu. Muuza chipsi alikuwa amevunja mayai mawili kwenye kikaango. Mlio ulipofika juu yetu, chupa ya tomato ikatetemeka mezani, yeye akageuza zege lake kwa mwiko bila kupepesa. Binti yake alikuwa ameegemea ndoo akifanya hesabu za shule. Hakuinua kichwa, alisita tu kuandika kwa kuwa meza ilitikisika, kisha akaendelea. Nikaja tena siku nyingine, na nyingine. Ilifika mahali nikawa ninajua ipi ni jeti na ipi ni ya mapanga kabla sijaiona, na nikawa ninabishana na kijana wa bodaboda kuhusu zinakotoka.

Zile za mapanga ndizo zilizonihusu. Serikali ilipoanza kuiletea Air Tanzania ndege mpya za aina hiyo mwaka 2016, watani wa mitandaoni waliziita pangaboi, na mimi nilicheka pamoja nao kwa sababu nilikuwa sina mpango wa kuzipanda. Lakini uwanja wa Bukoba ni mfupi, kama kilomita moja na nusu tu, ziwa liko pale pale mwisho wake, na ndege ya mapanga ndiyo inayouweza uwanja wa namna hiyo. Anayetaka kufika Bukoba kwa anga atabebwa na pangaboi. Nikaanza kusoma habari zake: mlio upi unatoka wapi, nini kinakunjwa lini, kwa nini taa huzimwa usiku wakati wa kuruka na kutua (ni ili macho yazoee giza, mkilazimika kutoka nje haraka mwone njia), kwa nini wanakuamuru ufungue pazia la dirisha. Miaka yote nilidhani kufungua pazia ni adabu tu.

Halafu mama mkubwa akafariki kule kwetu Kamachumu. Mdogo wangu alinipigia jioni. "Kaka, tunazika kesho kutwa saa nane. Ukija na basi utakuta maturubai yanaanuliwa." Hakusema neno ndege. Nikamwambia nitakuwepo, nikakata simu, nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Ilikuwa msimu wa mvua, msimu wa senene. Ndege iliondoka alfajiri. Kwenye mlango wa ndege nilifanya jambo ambalo mama yule aliniagiza nisiliache, nikamwambia mhudumu, "Dada, mimi naogopa ndege." Nilitegemea atacheka. Akasema, "Sawa kaka, hauko peke yako humu. Tukishapaa nitapita kukuona." Kiti nilikuwa nimekichagua dirishani, jirani na bawa. Mkiani ndege hutikisika zaidi, katikati hutulia. Tena katika ndege hizi bawa liko juu, kwa hiyo ukikaa pale unaona gurudumu lenyewe, mguu mrefu wa chuma umetoka chini ya injini. Niliutazama ule mguu hadi watu wote walipomaliza kupanda.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa jamaa wa makamo, mnene kiasi, shati limepigwa pasi vizuri. Hakunisalimia mara moja. Alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena, akauliza, "Kaka, hii ikikaza inatosha au bado?" Tukaanza kuzungumza. Alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, njia ya kusini. Dereva mwenzake alikuwa ameugulia Bukoba, gari inatakiwa igeuze kesho yake alfajiri, na tajiri akaona nafuu amkatie tiketi ya ndege. Hakuwahi kupanda. "Tajiri kasema saa chache tu nimefika," alisema, na namna alivyolitamka neno tajiri nilijua si kwa upendo.

Injini zikakoleza mlio, ndege ikaanza kukimbia. Nikashusha macho nisione dirishani, ndipo nikauona mguu wake wa kulia. Kiatu cheusi kilikuwa kimekandamiza sakafu kwa nguvu zote, goti limenyooka, paja linatetemeka. Alikuwa anakanyaga breki. Mkono wa kushoto nao umeshika ukingo wa kiti, unautafuta usukani. Mtu aliyepitisha maelfu ya abiria kwenye barabara zile, anayejua kumwachia mwenzake njia usiku kwa kumwashia taa tu, alikuwa ametolewa jasho kama mimi na kwa sababu ile ile.

Tukaachana na ardhi. "Angalia hapo nje," nikamwambia, maana nilihitaji kazi. "Sasa hivi utasikia kishindo, ni magurudumu yanakunjwa." Kishindo kikaja, ule mguu wa chuma ukakunjwa kuelekea nyuma, ukaingia ndani ya nyumba yake chini ya injini, vifuniko vikajifunga. Alikodoa macho. "Aisee." Punde mlio ukashuka ghafla. Hapa ndipo wengi hufia moyoni, kwa sababu sikio linakwambia injini imekata. Akanishika mkono. "Wamezima?"

"Hapana. Wamepunguza mzunguko wa mapanga. Nguvu yote ni ya kurukia, sasa wanapanda taratibu."

Akafikiri. "Kama kubadilisha gia."

"Kama kubadilisha gia."

Mguu ukalegea kidogo. Nami nikagundua kwamba tangu tulipoanza kuzungumza sikuwa nimehesabu pumzi zangu hata mara moja. Nikaendelea kummwagia nilichosoma. Kwamba aina mpya ya ndege haipewi cheti hadi bawa lake lithibitishwe kubeba mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotegemewa kulipata maishani, na lisikatike kwa sekunde tatu. Kwamba bawa likipepesuka kwenye mawimbi ya hewa limetengenezwa lipepesuke. Kwamba injini moja ikifa, iliyobaki inatosha kuendelea na kutua. Alisikiliza kwa makini ya fundi. Mwisho akasema, "Gari yangu nayo ingepimwa hivyo ningelala usingizi." Mhudumu alipita kama alivyoahidi, akatukuta tunabishana kuhusu matairi.

Mwanza tulitua vizuri. Wengine wakashuka, wengine wakapanda na vifurushi, tukaondoka tena, na chini yetu kukawa maji matupu.

Ziwa Victoria lina tabia yake, na nilifanya kosa au tuseme jambo jema la kuijua kabla. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu ya radi hujijenga barani. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa, unakutana, unapanda juu, na radi zinapigwa majini. Kunapokaribia kucha, upepo wa mashariki unayasukuma mawingu hayo kuelekea ufukwe wa magharibi, na mji ulio kwenye ufukwe huo ni Bukoba. Ndiyo maana kwetu mvua inanyesha asubuhi wakati watu wa mikoa mingine wanaanika nguo. Ndiyo maana pia msafiri wa Bukoba hana saa nzuri ya kuchagua. Ukiondoka alfajiri unayakuta mawingu ya ziwani. Ukiondoka mchana unayakuta ya barani.

Tukayakuta ya ziwani. Dirisha likawa jeupe, kisha la kijivu, matone yakaanza kukimbia kwenye kioo kwa mlalo. Ndege ikashuka ghafla kidogo, ikapanda, ikayumba. Mtoto akalia nyuma. Taa ya mkanda ilikuwa imewaka siku nyingi, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Nikaona mguu wa jirani yangu umerudi sakafuni. Wangu pia ulikuwa sakafuni, nashangaa ulifikaje.

Ndipo rubani akazungumza. Kwa Kiingereza, haraka haraka, sauti imezibwa na mlio wa mapanga, kama sentensi tatu, kisha kimya. Watu wakatazamana. Mama wa kiti cha mbele akajishika kifua, akasema, "Ee waitu." Ile sauti isiyoeleweka ilitisha kuliko mtikisiko wenyewe, kwa sababu mtikisiko haufichi kitu.

"Kasemaje?" dereva akaniuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Kasema kuna mvua juu ya uwanja. Tutazunguka dakika kama kumi hivi isogee, halafu tutatua. Tutatikisika kidogo, ni kawaida."

Alifumbua macho. "Kumbe."

"Ndiyo hivyo."

"Si angesema tu!"

Mama wa mbele alikuwa ametega sikio. Akamgeukia jirani yake, akamwambia kwa Kihaya, habari ikasafiri kiti kwa kiti hadi nyuma. Sisemi kwamba mtikisiko ulipungua. Haukupungua hata kidogo, na kuna mahali kikombe kilitoka mkononi mwa mtu kikamwagikia abiria wa upande wa pili. Lakini kelele zilipungua. Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea kulia, naye baadaye alilala.

Mimi hofu yangu ilifika kileleni wakati ule. Sitaipamba. Masikio yalivuma, vidole vikafa ganzi, nikapata hakika kamili kwamba nitasimama na kudai mlango ufunguliwe. Nikafanya nilichofundishwa. Nikatoa pumzi yote hadi ikaisha, nikangoja, nikavuta kidogo. Nikawatazama wahudumu wawili waliokuwa wamefunga mikanda kwenye viti vyao. Mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake kucha yake iliyovunjika. Nikaikazia macho kucha ile. Nikatoa pumzi tena. Hofu haikuondoka upesi, ila ilifika mahali ikaanza kuteremka yenyewe, kama mama yule alivyosema, na nilipoangalia nje nikaona tumetoka chini ya mawingu na ziwa lote liko wazi, rangi ya bati kuukuu.

Mkija Bukoba kutokea ziwani hamwoni ardhi chini yenu hadi mwisho. Maji yanazidi kusogea, mawimbi unayaona moja moja, mitumbwi unaiona, mvuvi mmoja unamwona hadi kofia, na bado hakuna nchi. Kila aliyekuwa ndani alikuwa anafikiria siku ile ya Novemba. Kimya chake kilitosha kunieleza. Mimi niliwafikiria zaidi wale wavuvi. Kisha ukingo ukapita kwa kasi, magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa, mapanga yakageuzwa pembe yakanguruma kuizuia ndege. Jirani yangu alikanyaga kwa nguvu zake zote zilizobaki, na mara hii breki ilishika.

"Nimeisimamisha," akasema, tukacheka hadi machozi.

Nilifika Kamachumu kabla ya saa nane. Nilimzika mama mkubwa. Dereva yule siku ya pili alfajiri aliligeuza basi la tajiri wake kurudi Dar es Salaam, na mimi niliyekuwa na nafasi ya kwenda naye nilirudi kwa ndege, katikati ya watu waliobeba senene kwenye madebe. Nimepanda tena baada ya hapo. Bado naogopa: usiku wa kuamkia safari silali vizuri, na chai siigusi asubuhi yake. Kilichobadilika ni kwamba tiketi naikata mwenyewe.

Kwa wewe unayeogopa kama mimi, ninayo machache. Mwambie mhudumu mlangoni, hatashangaa. Omba kiti cha karibu na bawa. Jifunze milio ya ndege utakayopanda kabla hujaipanda. Hofu ikija usishindane nayo, toa pumzi uingoje. Ikiwa imekuzidi kiasi cha kukukosesha kazi au mazishi, nenda kwa mtaalamu wa saikolojia. Hospitali kubwa wapo, na hawatakuita mwoga.

Kwa marubani wetu wa safari za ndani nina ombi. Zungumzeni nasi kwa Kiswahili, polepole, kabla ya mtikisiko na si baada yake. Tuambieni mvua iko wapi, tutazunguka kwa muda gani, na kwa nini mlio umebadilika. Wapo marubani wanaofanya hivyo, na abiria wao wanashuka wakiwashukuru kwa majina. Tunaomba iwe kawaida ya kila safari, jua liwake au mvua inyeshe.